Nilipogeuzwa Stika

Binti yangu alikuwa kidato cha pili alipoacha kula chakula cha jioni. Nikaamua ni vidonda vya tumbo. Nikawa namchemshia uji wa ulezi, huku nikijisifu kwa majirani hapa Nkuhungu kwamba mama mwenye jicho kali haambiwi, anaona.

Sikuwa nimeona kitu. Yeye mwenyewe alichoshwa na uji akanionyesha simu. Wenzake walimpiga picha akiimba kwaya, mdomo wazi, macho yamefumbwa, wakaifanya stika yenye maneno "Mbuzi wa Gulwe". Gulwe ndiko kijijini kwa bibi yake. Kila alipoandika neno kwenye grupu la darasa, alijibiwa kwa stika hiyo.

Nikachukua hatua. Nilimnyang'anya simu, yaani aliyeumizwa ndiye niliyemwadhibu. Kisha nikawaandikia wenzake humo grupuni mahubiri marefu yenye methali mbili na tishio la polisi, nikamalizia na cheo changu cha ofisini.

Nikasubiri waombe radhi. Badala yake ikaja stika ya picha yangu ya harusini, niliyoiweka mtandaoni kwa mkono wangu: kilemba kimelala upande, shavu limejaa keki. Chini wameandika, "Nitawapeleka polisi."

Binti yangu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Alipotulia akaniuliza, "Inauma, mama?"

"Inauma."

"Mimi ni kila siku. Sikutaka unijibie. Nilitaka ujue, halafu tufikirie pamoja."

Nikamrudishia simu. Tukazihifadhi zile jumbe bila kujibu hata moja, tukampelekea mwalimu wa darasa. Safari hii binti ndiye aliyezungumza. Mimi niliombwa kunyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa.

Aliyetengeneza stika aliitwa. Msichana mwembamba, akaniamkia shikamoo bila kuinua uso. Akasema aliogopa kwamba asipowachekesha wenzake, atachekwa yeye.

"Ungeniambia," binti yangu akamjibu. "Tungekuwa wawili."

Hawakuja kuwa marafiki. Lakini msichana yule aliandika grupuni kwamba sasa inatosha, na wengi wakaacha. Wachache hadi leo hawamsalimii binti yangu.

Baadaye shule iliitisha kikao cha wazazi, nikaombwa niseme machache. Nikamuuliza binti yangu niseme nini.

"Waambie wasikilize kwanza," alisema.

Nikawaambia hivyo, kisha nikaendelea kuongea mpaka mwenyekiti akanishukuru mara mbili.