Mkunga na Vitambaa Sita

Jirani yangu ni mkunga hospitalini, na injini ya gari lake haiguswi na fundi yeyote. Alhamisi ile alikuwa uani kwake, amevaa glavu za kazini, anafunga kemshafti mpya, ule mtaimbo unaofungua vali za injini, na mdomo mpana wa kuingizia hewa, ili Ijumaa apande na gari hilo kilima cha mchanga kilichomshinda mwaka jana mbele ya ukoo mzima. Hana haraka. Kila kipande anakifuta mara mbili. Kila tundu la injini alilofungua aliliziba kwa kitambaa, mchanga usiingie, akahesabu kwa sauti mpaka sita. Alipokaza nati ya mwisho akahesabu vitambaa alivyokwisha kuvitoa na kuvitia ndooni. Vitano.

"Washa, shemeji, magharibi hiyo!" alisema Mundhir, mdogo wa mumewe, ambaye hata boneti hajui inafungukia wapi. "Unatafuta kitambaa au kisingizio?"

"Mzazi akishonwa, pamba ikasahauliwa tumboni, wewe ndiye utakayekwenda kumwambia?" alimjibu bila kuinua kichwa, akaanza kufungua upya nati zote alizozikaza.

Mimi niliyekuwa pembeni nilimwambia Mundhir anyamaze au ashike tochi. Akashika. Mkunga akaingiza vidole viwili kwenye tundu la nne, taratibu, macho kayafumba, akakitoa kitambaa.

"Sita," alisema.

Akafunga tena, akawasha. Injini ilinguruma, kisha ikatulia vizuri.

"Kesho nani anapanda na wewe?" Mundhir aliuliza, sauti imelainika.

"Mimi," nikamwahi mkunga kujibu. "Wewe kaa chini ya kilima na wenzako waliomcheka mwaka jana."