Upelelezi Uliokwamisha Boti ya Serikali

Siku ya kwanza kazini niliripoti Kibiti nimevaa tai na viatu vya kamba, diploma yangu kwapani ndani ya fremu. Wenye diploma wilayani tulikuwa wachache sana; kwa hesabu yangu, mmoja. Nilitoka Mahege kwa miguu na shuka moja, nikarudi msomi, wala sikubebwa na mtu.

Bwana Maendeleo, Mwingereza aliyesimamia elimu ya watu wazima, aliitazama fremu, kisha akanikabidhi sanduku la bati lililojaa vitabu.

"Wewe ni karani wa vitabu," alisema. "Wanaojua kusoma utawaazima. Wasiojua utawasomea kwa sauti. Anza na hiki cha vyoo."

Cha vyoo nilikisoma Dimani. Watu walisikiliza kwa heshima, wakasinzia. Mimi mwenyewe nilipenda hadithi za upelelezi kuliko zote, kisha za safari, kisha za mapenzi, ingawa hizi za mwisho nilizisoma kwa ajili ya kazi tu. Basi nilipohamishiwa Mbwera, huko delta, mto unapoingia baharini, kwenye dago, yaani kambi ya wakata mikoko, cha vyoo nilikizika chini ya sanduku, nikafungua kisa cha saa ya dhahabu iliyoibwa kwa tajiri.

Kuna jambo chuoni hawakunifundisha. Boriti za mikoko hulazwa ukingoni mwa kijito zikingoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ndiyo yazieleshe. Bamvua ikipita, unangoja wiki mbili. Siku ya mwisho ya bamvua mimi nilikuwa sura ya saba.

"Bwana Diploma, mwizi nani?" aliuliza Nyapara Mkumba, msimamizi wa wakataji.

"Vuta subira, nyapara. Sura ya kumi."

"Maji yamejaa, bwana wee! Nitajie jina tu, niende zangu."

"Kumtaja mwizi kabla ya wakati ni kosa katika fani yetu."

Hakuna aliyeinuka. Tulipozinduka tuko sura ya nane, maji yameshakupwa, boriti zote ziko matopeni. Nyapara akapiga marufuku kusoma, akapeleka malalamiko Kibiti. Baada ya siku chache Bwana Maendeleo akaja kwa boti ya injini.

"Nilikupa vyoo, wewe unasoma wizi?" alifoka. "Sanduku linarudi Kibiti. Na wewe katafute kazi nyingine."

Nikaanza kufunga sanduku, diploma na yote. Aliyenitetea ni nyapara yuleyule.

"Bwana mkubwa, mfukuze, haki yako. Ila kwanza atumalizie. Tangu siku ile mimi silali vizuri."

"Sura moja," alisema Bwana Maendeleo, akakaa juu ya gogo.

Nilisoma kama sijapata kusoma. Mpelelezi nilimpa sauti nzito, mke wa tajiri sauti ya puani. Sura ilikwisha mlango wa stoo ukianza kufunguka. Nikafunga kitabu.

"Endelea," akasema.

"Bwana, uliruhusu moja."

"Endelea! Ni mpishi, sivyo?"

"Mpishi wapi!" nyapara akamrukia. "Wewe umekuja leo tu. Mpishi alikuwa msibani!"

Nikasoma mpaka mwisho. Mwizi alikuwa mke wa tajiri. Tulipomaliza kubishana, boti ya serikali ilikuwa imelala ubavu kwenye matope, na nahodha wake amekaa katikati yetu. Bwana Maendeleo akatoa kalamu. Kunifukuza kulitaka barua yenye sababu, na sababu hiyo ingemgusa naye. Akaandika kwamba karani abaki, ila upelelezi usomwe siku za maji mafu tu, yale madogo yasiyoelesha boriti. Sijasikia maktaba nyingine ya serikali iliyopangiwa ratiba na mwezi.

Nilistaafu nikiwa Karani Mkuu wa Vitabu wa Delta, cheo ambacho hakuna aliyewahi kukizidi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekipata. Sasa macho hayashiki herufi, na mjukuu wangu Zuhura, nesi, ameniwekea vitabu vya kusikiliza kwenye simu. Msomaji wa vitabu hivyo ana sauti nzuri, japo haifikii yangu. Juzi nilisikiliza upelelezi mpaka mwisho, nikamjua mwizi, nikageuka nimwambie mtu. Chumba kitupu. Nikampigia Zuhura.

"Babu, niko na mgonjwa hapa!"

"Vizuri," nikasema. "Mpe simu naye asikie: ni yule wakili."