Mirija ya Mwalimu Marietha

Mwalimu Marietha Mughwai anafundisha kemia mjini Singida, lakini kwao ni Mgori. Huko mama yake, Esta, alizeeka akinywa maji ya kisima chenye floridi nyingi, chumvi inayokakamaza mifupa. Mgongo ukakakamaa, akawa hawezi kuinama kupalilia. Magoti nayo yalipoanza kupinda, Marietha alishindwa kukaa tu.

Alikuwa amesoma kwamba mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, inaweza kutumika kwenye chujio la floridi. Akaomba chumba cha nyuma cha duka la Jayshree, rafiki yake tangu shuleni, akafunga tanuri humo na kuanza kupitisha mvuke wa mafuta ya alizeti juu ya vumbi laini la chuma ili mirija iote.

Kila alipofungua alikuta masizi.

"Pumzika, Marietha," Jayshree alimwambia. "Umekonda mno."

"Mama yangu anapumzika? Hata kugeuka kitandani analia."

Kosa alilijua. Chembe ya chuma ikipata moto hunyonya atomi za kaboni, kisha huzitoa ukingoni. Zikitoka taratibu, kila moja hushikana na jirani zake watatu, zikafuma maumbo ya pembe sita, pembe sita, mpaka ukuta ukajizungusha na kujifunga. Pembeni hapabaki atomi isiyo na wa kuishika, ndiyo maana mrija hauvunjiki ovyo. Pembe tano ikiingia mahali pa sita, ukuta hupinda, ingawa pakiwa na joto na nafasi chuma huweza kuirekebisha. Lakini kaboni ikija kwa pupa hukifunika chuma chote, na mrija unakufa kabla haujarefuka.

Naye alikuwa na pupa. Kila simu kutoka Mgori ilimfanya aongeze mafuta.

Mwishowe akajilazimisha kupunguza. Umeme ukakatika tanuri likiwa bado la moto, pampu ya kuondoa hewa ikasimama, hewa ikaingia, kila kitu kikaungua. Akarudia. Safari hiyo unga mweusi alioupeleka chuo kikuu kupimwa ulirudi na picha: nyuzi ndefu zilizosokotana, katikati zina uwazi.

Akapanda gari kwenda Mgori siku hiyohiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo mabomba yako yameota?"

"Yameota." Akamwonyesha picha kwenye simu.

Mama aliitazama. "Maji yatapita lini?"

"Ni machache mno, mama. Hayajai hata kijiko."

Mama hakumlaumu. Kwa Kinyaturu, akamwomba amgeuze, ubavu unauma. Marietha akamgeuza, kisha akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba na kulia huku ameuma kanga asisikike.

Sasa mama anaishi naye mjini, anakunywa maji ya mvua kutoka tanki la Jayshree. Daktari amesema mifupa iliyokwisha kupinda haitanyooka. Tanuri Marietha ameendelea kuliwasha kila akitoka kazini. Juzi waya wake wa kutoa joto ulikatika, na wa kubadilishia bado hajaupata.