Ufa Kwenye Paji la Uso

Siku ile ya maonyesho ya sanamu, uwanjani Migwani, tuliohusika na kinyago chetu tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekichonga, mwalimu wake wa sanaa, bibi jirani aliyetukopesha mti, ambaye sote tulimwita susu, na mgeni kutoka shule moja ya Makueni, aliyekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kusomeshwa bure. Wengine walikuwa watoto wa shule, walioletwa waguse sanaa kwa mikono yao.

Mdogo wangu alikuwa amemchonga marehemu mama yetu akibeba kuni, mkanda wa mzigo ukimkaza paji la uso. Alitumia mti wa mukau ukiwa mbichi, kwani mkavu hatukuwa nao. Nyumbani nilikuwa nakifunika kwa gunia lililolowa maji kisipasuke. Uwanjani mwalimu aliliondoa. "Watoto wamekuja kugusa gunia?"

Kufikia saa nne jua lilikuwa limekaza. Nikasikia kitu kikilia kama kijiti kinavunjika. Ufa mwembamba ulikuwa umefunguka chini ya mkanda, ukishuka. Nikavua leso, nikaitandaza juu yake kwa mikono miwili. Jua likisogea, nami nasogea.

"Na wewe umeandikishwa kama sanamu?" susu akauliza.

"Susu, usinichekeshe. Mikono itashuka."

Mgeni alipofika, ufa ulikuwa umefika kwenye nyusi. Akapitisha ukucha ndani yake. "Hiki si kimeharibika?"

Mdogo wangu akanitazama. Niliacha shule darasa la saba ili yeye asiache, lakini jibu hili halikuwa langu.

"Kinapasuka," mdogo wangu akasema. "Nilijua kitapasuka. Nilichonga mkanda ukiwa na mfereji, ufa ufuate pale. Umekataa, umeenda kwa jicho."

"Ukianza tena utafanyaje?" mgeni akauliza.

"Nitauacha mti ukauke kivulini kwanza. Hata kama ni mwaka."

Mgeni akamgeukia mwalimu. "Aje muhula ujao. Aje na nguo za kazi."

Njiani susu alinishika mkono. "Huyo ameshapata. Mti wangu je?" Mbuzi wake walizoea kupumzika chini ya mukau ule kabla hatujaukata, na tulikuwa tumekubaliana nimrudishie kivuli, si kitu kingine.

Mpaka leo naokota zizini kwake kokwa za mukau ambazo mbuzi wametema, nazivunja, natoa mbegu. Nyingi hazioti. Mche mmoja umenifika gotini. Asubuhi susu hupita kuangalia kivuli chake kimefika wapi. Bado hakimtoshi hata mbuzi mmoja.