Si Kupe, Ni Mpangaji

Habari hii nimepewa na binti yangu Jumapili iliyopita, tukichambua mchele. Anafanya kazi bustani moja na mama wanayemwita Ngazi, maana ukimtafuta chini humwoni.

Saa kumi na mbili asubuhi Ngazi yuko juu, anainyunyizia maji okidi, mmea wa maua uliokaa kwenye panda ya mti. Si okidi ya kuweka dirishani hiyo. Mashina yake ni kama miwa, yanapita kimo cha mtu. Vijizizi vyake vimesimama wima kama sindano, vimefanya kikapu cha kudakia majani makavu. Majani yakioza, ndiyo chakula chake.

Mwaka wa tisa huu anailea, haijatoa hata ua moja. Mkuu wa bustani kachoka.

"Hiyo ni kupe, inanyonya mti wangu. Mvua zikiisha bila ua, naileta misumeno."

"Si kupe, mzee, ni mpangaji," Ngazi akamjibu. "Kakaa barazani tu. Chakula anajipikia mwenyewe."

"Mpangaji wa miaka tisa, kodi hajalipa!"

Balaa likaletwa na wema. Ngazi aliugua wiki moja, wifi yake akamshikia kazi. Wifi mtu akaona kikapu kimejaa takataka, akakifagia mpaka kikang'aa.

"Wifi, umemwaga sufuria la mtu!" Ngazi alilia huku anacheka.

"Niliona jalala, wifi. Ningejuaje kuna mtu anakula?"

Wakaokota majani wote wawili, wakayarudisha konzi kwa konzi.

Mvua zikiwa ukingoni, chini ya shina jipya kikachomoza kitu kinene kama kidole gumba. Mkuu akasema ni shina jingine tu.

"Shina huja limevaa majani, mzee. Hili limekuja uchi. Ni mkono wa maua."

"Haya, tungoje. Tumjue mwongo."

Mkono ukarefuka, ukampita Ngazi mwenyewe. Jumamosi ukafunguka: maua ya manjano, madoa ya kahawia kama ya chui, toka chini hadi juu. Mkuu akavua kofia.

"Mpangaji kalipa."

"Tena ya miaka tisa kwa mpigo!" wifi akadakia.

Ngazi anastaafu mwakani. "Kabla sijaondoka nitamega mashina mawili, niyapangishie mti wa pili," anasema.

Jioni ya Jumamosi ile mumewe alimuuliza maua ni mangapi. Akaanza kumhesabia kwa vidole, kichwa juu ya mto kitandani. Alipofika sitini na mbili akakoroma. Mumewe akangoja sitini na tatu, akangoja, naye usingizi ukamchukua.