Tumbo Mbele ya Magurudumu

Muuza spea kuukuu waliyembandika jina la Bei Mwisho hakuwa mtu wa kulilia ya zamani. Alianza kwa kuokota nati barabarani, akaishia kumiliki duka lenye chumba cha nyuma, lakini humo ndimo alimokuwa akiijenga upya, kwa mfano mdogo wa bati za makopo na lehemu, reli ndogo ya tawi iliyong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Vituo tayari. Daraja tayari. Garimoshi ndilo lililomtia kichaa.

Kila picha aliyoipata ilipigwa siku ya uzinduzi, na katika kila picha mkubwa mmoja alisimama mbele ya magurudumu, tumbo kama ngoma. Gurudumu moja lilionekana upande huu wa tumbo, mawili upande ule. Katikati je? Bei Mwisho alikisia, akaongeza jingine, yakawa manne. Lakini kukisia kulimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

"Treni nzima iko mbele yao," alifoka peke yake, "wao wanapiga picha tumbo!"

Akavaa koti lake la heshima akaenda kutafuta michoro. Maktaba wakamwelekeza kwenye hifadhi ya nyaraka. Nyaraka wakamtuma ofisi ya reli. Ofisi ya reli wakamuuliza kama ana kibali cha nyaraka. Masikio yakamwaka moto. Mtu aliyezoea kumaliza biashara kwa maneno mawili, leo anazungushwa kama pia!

Hatimaye akamwendea mzee aliyekuwa mtunza stoo wa karakana ya reli, akamkuta nje ya nyumba yake anakata kucha.

"Michoro? Ilikuwa ya kitambaa, bwana. Kitani safi, kimepakwa wanga kikakauka kama karatasi. Karakana ilipofungwa wakaniambia nichome. Nikaona hasara, nikampa yule fundi cherehani wa karibu na stendi. Yule mama mwenye pengo."

Bei Mwisho akageuka hapo hapo bila kuaga. Fundi cherehani mwenye pengo alikuwa dada yake, baba mmoja mama mmoja.

Hakupiga hodi.

"Michoro ya reli uliifanya nini?"

"Salamu kwanza, kaka. Au nazo umeziuza?"

"Michoro!"

"Vile vitambaa? Nilivichemsha, wino ukatoka wote. Laini, usiseme! Nepi za wanao zilitoka humo."

"Wanangu wamekojolea reli nzima!"

"Ungesema unavitaka. Ulitaka nioteshwe?" Akakata uzi kwa meno. "Mmoja sikuuchemsha. Nilitaka kitu kigumu cha kutia ndani ya kola. Nikautumia kwenye makoti ya harusi yangu. Lako hilo, na la shemeji yako."

Bei Mwisho akajishika shingo. Koti hilohilo ndilo alilovaa kwenye kila ofisi iliyomzungusha. Akanyakua wembe, akachana kola. Kikatoka kipande chenye mistari myeusi: paa na bomba la moshi. Yaani vile tu ambavyo tumbo halikuviziba.

Shemeji, aliyekuwa kitini akisikiliza kama asiyesikiliza, akainuka akalikumbatia koti lake lililotundikwa mlangoni.

"Langu halichanwi."

"Kola itashonwa upya, shemeji. Fundi namlipa mimi."

"Fundi ni mke wangu. Hapo umenipa nini?"

"Sema bei."

"Viatu hivyo."

"Una wazimu? Hivi ni vipya!"

"Basi nenda kaangalie picha zako."

Bei Mwisho alitukana, akacheka kwa hasira, akatoka mpaka nje, akarudi. Shemeji hakupepesa jicho. Maishani mwake mwote Bei Mwisho hakuwahi kukamuliwa namna ile, tena na mtu asiye na hata kibanda cha kuuzia kiberiti. Akavua viatu. Akaondoka na kandambili za shemeji, moja imeshikizwa kwa waya, na utepe wa kitambaa kutoka kola ya pili mfukoni.

Kwenye chumba cha nyuma aliviunga vipande viwili mezani. Magurudumu yalikuwa wazi kabisa, na vipimo vyake: moja, nafasi, kisha mawili. Basi. Kwenye ile nafasi mchoraji hakuwa amechora kitu.

Akachukua koleo, akaling'oa gurudumu la nne, akalitupa ukutani likadunda mpaka chini ya kabati. Kisha akaisogelea ile picha, kandambili ikimvuka, akamkazia macho yule mkubwa.

"Kumbe ulikuwa unaficha hewa!"

Yule mkubwa akaendelea kutabasamu.