Stika za Mlango wa Kabati

Kila asubuhi, kabla hajafunga kamba za viatu, shangazi alikuwa akiipulizia tableti pumzi na kuifuta kwa pindo la koti lake la kazi. Akishaifuta alijitazama meno kwenye kioo chake cheusi, akaiambia, "Haya mwenzangu, twende tukatafute riziki." Watu wachache walipata salamu nzuri kama hiyo nyumbani kwake, na mimi niliyelala naye chumba kimoja simo.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kiwandani walimwita Bi Nati. Ni kiwanda cha sabuni za miche, na aliingia pale kufagia karakana. Akawa anafagia huku macho yakiwa kwa mafundi, mpaka siku moja wakamwachia spana, na mwisho akawa mkaguzi wa mitambo. Mkaguzi ni yule ambaye kabla mashine hazijawashwa anazizunguka, anaangalia mafuta, minyororo, bolti na vifuniko, kisha anasema ziwashwe au zisiwashwe. Nilipoacha shule alinitafutia kazi hapohapo. Mimi nafunga miche kwenye maboksi, chini ya ukumbi.

Zamani ukaguzi ulikuwa wa karatasi, na karatasi haina ubishi. Mafundi walijaza ya wiki nzima Jumatatu wakiwa kwenye chai, na wenye bidii walibadilisha peni ili ionekane ni siku tofauti. Ofisi ikachoka, ikaleta tableti. Kila mashine ikabandikwa stika yenye vimraba vyeusi. Unaielekeza tableti kwenye stika, inalia, maswali ya mashine ile yanafunguka: mafuta yapo? Mnyororo umekaza? Bolti za kifuniko zimebana? Unajibu ndiyo au hapana, unatuma. Bila stika hayafunguki. Maana yake, walituambia, lazima mguu ufike kwenye mashine.

Mafundi wakanuna. Mmoja alisema hakuajiriwa kuchezea simu ya majitu. Shangazi ndiye aliyeishika kwanza, akawa anawashika wanaume vidole vyao vya grisi mmoja mmoja na kuwaonyesha pa kugusa. Getini kukawekwa skrini kubwa. Zamu iliyokagua mashine zote inawaka kijani, iliyobakiza hata moja inawaka nyekundu. Zamu ya Bi Nati haikuwahi kuwaka nyekundu. Wageni wakija, meneja aliwasimamisha mbele ya skrini ile na kumwita shangazi asimame kando yake. Alisimama mikono nyuma, kidevu juu kidogo, na jioni alitusimulia yote kana kwamba hatukuwepo.

Tatizo lilikuwa mvuke wa magadi. Stika hazikuuweza. Ofisi ilichapisha nyingine, nazo zikabanduka, na mashine inaweza kuwa nzima, imekaguliwa vizuri, lakini stika yake haipo, basi skrini inawaka nyekundu na zamu nzima inasemwa. Shangazi akaomba seti moja ya ziada. Akazibandika ndani ya mlango wa kabati la spana, kwa safu, na chini ya kila stika akaandika mashine yake. Nilimwona nilipompelekea funguo za nyumba. Alikuwa anakwenda kwenye mashine, anaigusa, anaisikiliza, kisha anarudi kabatini kujibu maswali yake. Sikuona ubaya, na hata sasa sidhani kama ubaya ulianzia hapo.

Halafu nyonga ikaanza kumsumbua. Mkanda wa juu, ule unaopitisha sabuni juu ya vichwa vyetu kuipeleka kwenye mashine ya kukatia, uko karibu na dari, na ngazi yake ni ya chuma, imesimama wima. Siku moja nyonga ilipokataa, alijibu maswali kwanza, akapanda baadaye. Siku nyingine alijibu, akasema atapanda mchana. Mchana nao una mambo yake. Vijana wa karakana wakaona, na jambo hilo walilijua haraka kuliko yote aliyowahi kuwafundisha. Mlango ule wakauita supamaketi, kwa sababu kila kitu unakipata mahali pamoja na kiti kipo. Bosi wa karakana alipita, akatazama, akacheka, akasema ilimradi kijani. Lakini mimi nilikuwa namwona shangazi kila mtu wa ofisini alipokaribia. Aliusukuma mlango wa kabati kwa goti, taratibu, huku akiendelea na mazungumzo.

Mwendeshaji wa mkanda wa juu tulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi moja shangazi alikuwa anakunywa chai karibu na kabati, nami nasuuza kikombe bombani, Redio akapita.

"Shangazi, kifuniko changu kule juu kinagonga meno. Panda ukisikilize kabla hakijaanza kutukana."

Shangazi akacheka, akamwambia atapanda. Alikuwa ameshatuma majibu ya mkanda wa juu kabla chai haijapoa.

Hakupanda. Kazi ilipokolea, kifuniko cha mnyororo kilichomoka kule juu kikashuka. Kikampata begani Mama Pacha, mwenzangu wa kwenye maboksi. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akaniomba nimshikie mkono wake kwa kuwa umekuwa mzito. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Watu wote walikimbilia kwetu isipokuwa shangazi, ambaye alikuwa amesimama chini ya ile ngazi, ameshika kipago cha kwanza, anatazama juu.

Ofisi ikafungua kumbukumbu za tableti. Asubuhi ileile, mkanda wa juu, bolti za kifuniko zimebana: ndiyo. Mkaguzi: Bi Nati. Basi kama asubuhi zilibana, nani alizilegeza? Kule juu hukaa mtu mmoja, na ana spana yake ya kuondolea sabuni iliyokwama. Redio akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao, na kila mtu alijua kikao cha namna hiyo huishia wapi. Alipojitetea kwamba alishamwambia Bi Nati, bosi wa karakana alimuuliza kwa nini anamvuta mama wa watu kwenye tope lake. Vijana wa karakana walikuwepo. Wote wanaijua supamaketi, wote ni wateja. Kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Nyumbani shangazi alianza kula akiwa amesimama. Nikiingia chumbani alikuwa anajipa kazi, anapanga vitu ambavyo vimeshapangwa.

"Usinitazame hivyo," aliniambia.

"Sijakutazama, shangazi."

"Ndivyo hivyo hivyo unavyonikwepa."

Jioni iliyotangulia kikao alikuja mke wa Redio. Alikaribishwa kiti, akakaa kwenye ukingo wake kama mtu aliyekuja kuomba moto tu. Alizungumza kwanza habari za bega la Mama Pacha, kwamba alikwenda kumwona na alimkuta anaweza kucheka. Kisha akasema mumewe haongei tena ndani ya nyumba, na watoto wameanza kumwogopa kwa ajili ya ule ukimya.

"Dada, sikuja kukulaumu," akasema. "Anasema alikwambia, labda alikwambia penye kelele, hukumsikia, mashine zile zina makelele. Mimi naomba neno moja tu. Waambie si mzembe. Wewe pale ukisema, limesemwa."

Shangazi alikuwa anakwangua kucha yake kwa kucha nyingine. "Nitasema," akajibu.

"Mungu akuweke, dada yangu. Nilijua."

Wingu lilikuwa limefunga. Alipotoka alianua nguo zake kambani, akaanua na zetu, akazikunja zote, akatuletea mlangoni. Juu kabisa aliweka koti la kazi la shangazi, kola imenyooshwa kwa mkono. Asubuhi shangazi alikwenda kazini na koti la zamani lililochanika kwapa. Lile lililokunjwa hakuligusa.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa chakula. Alikuwepo meneja, ofisa utumishi, bosi wa karakana, na Redio akiwa amevaa shati la kutokea. Mimi niliitwa kueleza kifuniko kiliangukia wapi. Nikaeleza, nikaambiwa nikae kwenye benchi, akaitwa shangazi. Meneja akasema hana haja ya kumweka Bi Nati kwa muda mrefu, maana kama pale kiwandani kuna mtu mmoja ambaye kazi yake haina doa ni yeye, na kikao kinataka tu athibitishe kilichomo kwenye tableti. Nilimwona shangazi akishuka bega kila aliposifiwa, kama mtu anayeongezewa mzigo.

"Asubuhi ile ulipanda, ukazikuta bolti zimebana?" meneja akauliza.

"Tableti imeshasema," bosi wa karakana akamjibia.

"Sikupanda," shangazi akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, ofisa utumishi akamwomba arudie. Akarudia. Wakamuuliza maswali yalifungukaje bila kufika kwenye stika. Akasema stika zote zipo ndani ya mlango wa kabati la spana, alizibandika kwa mkono wake, twendeni mkaone.

Tukaenda. Vijana wa karakana wakasimama tulipoingia. Shangazi akaufungua mlango, na mlango ulikuwa mtupu. Ulikuwa umesuguliwa kwa petroli mpaka unang'aa, harufu bado ipo. Hakukuwa na stika hata moja, wala maandishi yake. Akawatazama vijana wake. Mmoja, yule ambaye shangazi alimfundisha tangu akiwa hajui kushika nyundo, alianza kufuta spana iliyokuwa safi.

Bosi wa karakana akamshika kiwiko kwa upole. "Bi Nati, umechoka," akasema. "Una moyo wa huruma, na jirani ni jirani, hilo tunalielewa sote. Lakini usijibebeshe kisicho chako. Nenda nyumbani ukapumzike, nyonga ipate nafuu, kesho utarudi."

Njia ilikuwa imefunguliwa hapo, pana kabisa. Hata meneja aliitikia kwa kichwa kumkubalia. Nilidhani shangazi ataifuata, na nina aibu kusema nilitamani aifuate. Nilifikiria chumba chetu, na majirani, na mimi kwenye yale maboksi nikiitwa mtoto wa nani.

Akaitoa tableti kwapani. Akafungua kumbukumbu za asubuhi ya ajali, akampa meneja, akamwonyesha kwa kidole saa zilizo pembeni mwa kila mashine, saa ambazo tableti huziandika yenyewe unapotuma.

"Tazama," akasema. "Hapa niko kwenye boila, nyuma ya kiwanda. Hapa niko juu darini. Hapa niko kwenye matangi. Dakika ni ileile. Mzee, mimi nina nyonga mbovu. Nina mabawa?"

Meneja akavuta kwa kidole kwenda siku ya nyuma, kisha ya nyuma yake, kisha wiki nyingine, zamu za wengine pia. Kote ni kijani, na kote mkaguzi anaruka kiwanda kizima kabla chai haijapoa. Kidole chake kikapunguza mwendo, kikasimama. Ripoti zile zilikuwa zikimfikia kila wiki, pamoja na saa zake. Alikuwa akitazama rangi. Alirudisha tableti bila kumtazama shangazi usoni, na ofisa utumishi naye akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Meneja akasema Redio anarudi kazini leo. Mengine watayazungumza, Bi Nati asubiri hapo kwenye kiti. Wakaingia ofisi ya karakana, wakafunga mlango.

Redio akabaki. Nilidhani atamtukana, na nadhani shangazi naye alingojea hivyo, maana alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa. Redio akachuchumaa mbele ya kiti.

"Ungesema tu nyonga inauma, shangazi," akamwambia. "Mimi nilikaa muda wote ule nakungoja wewe kwa kuwa ukaguzi ni wako, nisije nikaonekana nakuingilia. Spana ninayo. Ningezibana mwenyewe."

Redio akampigapiga goti, lile la upande mzima, akaenda kubadilisha shati.

Shangazi akakaa kidogo. Kisha akainuka, akaiweka tableti juu ya kabati, akavuka ukumbi akipita pale ninapokaa na Mama Pacha, ambapo boksi moja lilikuwa wazi bado halijafungwa. Wafungaji wenzangu walimwamkia, naye akaitikia kila mmoja. Getini alimfungulia mlinzi pochi yake aikague, kama wafanyakazi wote wanavyofanya. Mlinzi akamwambia mbona mapema, leo mafundi wamekufukuza? Akasema hapana, hawajanifukuza.

Mlango wa ofisi ulipofunguliwa, kiti kilikuwa kitupu. Meneja akanituma nimkimbilie, nimwambie hawajamaliza naye, na si mabaya yote. Nilifika getini nikamwona upande wa pili wa barabara, katikati ya malori yaliyoegeshwa, akiburuza mguu bila haraka, akiwa amebana kwapa mahali koti lilipochanika ili lisionekane. Sikumwita. Walimtumia watu mara kadhaa baada ya siku ile, lakini kiwandani hakurudi.